Mgeni Aliyelala Boito

Mama Kiplimo hakuwahi kumkalisha mtu kabla hajapangusa kiti kwa upindo wa leso yake. Kiwe kiti kipya, liwe gogo, liwe benchi la kanisa lililofutwa asubuhi ileile, lazima angeinama, apanguse, kisha aseme, "Haya, kaa." Hata chake mwenyewe alikipangusa, akajikaribisha.

Ndiye aliyewalisha wageni wa Mwalimu Chepngeno. Mwalimu alifundisha historia katika shule ya upili pale Boito. Alikuwa amepita miaka arobaini, alikuwa na stashahada na jioni ndefu, na mwaka 1997 aliingiwa na wazo kwamba wakulima wa chai walikosa jambo moja tu maishani, nalo ni mihadhara. Basi kila mwezi, Jumamosi moja, akaleta mtu wa kuzungumza juu ya historia na uraia katika ukumbi wa kanisa.

Wageni wawili wa kwanza walizungumza, watu wakapiga makofi, wakaenda kukamua ng'ombe. Hakuna aliyeuliza swali. Mwalimu alijiambia kwamba wameelewa kila kitu. Pasta Kiptum, mwenye funguo za ukumbi, aliona vingine.

"Mwalimu, kwaya haina mahali pa mazoezi," alisema. "Mtu asiye na swali hana haja. Wakinyamaza tena, Jumamosi hizo nitawapa kwaya."

Wiki ile Mwalimu hakupata usingizi. Mihadhara ile ilikuwa kitu pekee alichowahi kuanzisha bila kutumwa na wizara, na sasa alikuwa ananyang'anywa na sauti ya tatu na ya nne za kwaya.

Mgeni wa tatu alikuwa Bwana Mokaya, mwanasheria wa Nairobi. Alifika viatu vimejaa tope, kwa kuwa gari lake lilikuwa limegoma mlimani. Mama Kiplimo akampokea kwa ugali wa wimbi, kuku na mboga ya sagaa, kisha akateremsha kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolala mpaka yakakomaa na kunukia mkaa. Mgeni akamaliza kikombe, kikajazwa. Akamaliza tena, kikajazwa tena. Katika nyumba ile kikombe kitupu kilikuwa swali, na jibu lake lilikuwa maziwa. Na kwa kuwa mgeni hakalishwi kwenye benchi, Mama Kiplimo aliamuru kiti chake cha sebuleni, chenye mito na kitambaa cha kufuma, kibebwe kupitia mashamba ya chai hadi mbele ya ukumbi. Akakipangusa. Bwana Mokaya akazama ndani yake.

Mwalimu akasimama kumtambulisha. Alikuwa ameyaandaa maneno yale kwa muda mrefu. Alianza na shule aliyosoma mgeni, akateremka na reli mpaka Fort Ternan, akapanda tena na majani ya chai ya kwanza, akagusa wakoloni, na kila alipokaribia mwisho alikumbuka jambo lingine zuri. Aliona watu wanatazama mbele kwa umakini ambao hakuwahi kuuona hata darasani. Moyo ukamjaa. Akageuka, akanyoosha mkono: "Karibu, Bwana Mokaya."

Bwana Mokaya alikuwa amelala, kinywa wazi, mikono juu ya tumbo.

Pasta aliinuka kumtikisa. Mama Kiplimo akamzuia.

"Pasta, huyo amekula kwangu."

Likaisha. Mgeni aliyeshiba haamshwi. Kumwamsha ni kama kumwambia unajutia chakula. Watu wakakaa wakisubiri, wakinong'ona.

"Alikuwa atuambie nini?" Kipyegon, mkulima wa chai, alimuuliza jirani yake.

"Mambo ya uongozi. Nani anaweza kumtoa nani."

"Basi angeanza na mwenyekiti wa josho letu la ng'ombe. Dawa haijaingia huko tangu mwaka jana. Kwani nani alimchagua?"

"Mimi sikuwako."

"Hata mimi."

Mabenchi yakasogea. Mwalimu aliitwa kwa kidole. Akainama, akanong'ona kwamba wanachama wana haki ya kuitisha mkutano na kuchagua wengine. Lilikuwa jibu lake fupi kuliko yote tangu atoke chuoni, kwa sababu mgongo ulikuwa unauma.

Irungu, mwenye duka, ambaye watu wake walitoka Nyeri, akakohoa kidogo. Tangu fujo za kikabila za uchaguzi wa 1992 alikuwa hasemi mikutanoni. "Na mimi naweza kuuliza? Niko na ng'ombe wawili tu."

"Ng'ombe wako wako na kupe?" Mama Kiplimo akamuuliza.

"Wako nazo."

"Si uulize basi."

Akauliza. Wengine wakauliza. Mwishowe Pasta Kiptum mwenyewe akasogeza kichwa, akanong'ona, "Na kama mwenyekiti ni shemeji yako?"

Kicheko kilichozibwa kwa viganja kiliutikisa ukumbi. Bwana Mokaya akazinduka, akasimama wima, akafunga kifungo cha koti.

"Je, kuna swali?"

"Hakuna," Kipyegon akajibu kwa heshima. "Umetusaidia sana."

Pasta hakutaja tena kwaya. Nayo ikahamia sebuleni kwake. Wakati wa kurudisha kiti, Mwalimu alisema, "Mama Kiplimo, mursik yako ilimwangusha mgeni."

"Maziwa yalimkalisha tu, mwalimu. Wewe ndiye ulimlaza."

Kuanzia hapo wageni walizungumza kidogo, na Mwalimu akazungumza kidogo kuliko wao, jambo lililomgharimu zaidi ya alivyokiri. Mama Kiplimo aliwalisha wote hadi mwaka 1999, alipolazwa na kifua. Mwalimu alipomtembelea, mgonjwa hakuweza kuinama. Alinyoosha upindo wa leso kutoka kitandani, akakipapasa kigoda.

"Haya, kaa."

Mwalimu akakaa, akaanza kumshukuru. Alianza na kuku wa kwanza, akapitia kiti, akamfikia Irungu, na hapo akaona macho ya Mama Kiplimo yamefumbwa. Akainama kwa hofu asikilize kama anapumua. Jicho moja likafunguka.

"Siku ya mazishi yangu, mwalimu, wasifu asome mtu mwingine. Ukisoma wewe watalala wote, nibaki macho peke yangu."