Nilivyopeleka Posa Kwenye Gofu

Nilikwenda Birmingham kiangazi cha 2006 kwa sababu moja tu: kumtafutia mke mpwa wangu Kevo. Mke mwenyewe alikuwa amekwisha kujitafutia, maana vijana wa siku hizi hawangoji mjomba. Kilichobaki ni baba wa msichana kutamka ndiyo. Dada yangu Nyambura, mama yake Kevo, alikuwa amemtuma mchungaji, kisha jirani, na wote walirudi na chai tumboni bila jibu. Basi akanipigia simu Nakuru. "Njoo wewe," akasema. "Mdomo unao." Sikubisha, kwa kuwa ni kweli. Nimewaposea watu wengi kule kwetu na sijawahi kurudi mikono mitupu.

Saltley, mtaa wa Birmingham anakokaa dada, nilipanga hotuba yangu. Kwetu mshenga haropoki kwamba tunamtaka binti. Unaanza mbali: habari za mvua, habari za ng'ombe, halafu ua tuliloliona likichanua ndani ya boma lenu. Unazunguka mpaka wenye nyumba wanakuonea huruma. Nilikuwa nikifanyia mazoezi sehemu ya ng'ombe pale Kevo alipoingia jikoni na ujumbe kutoka kwa mchumba wake, Furaha. "Uncle, her dad says if you want to talk, go with him to the golf." Yaani nikitaka kuzungumza naye, nimfuate kwenye gofu. Baba yule, Mkongo ambaye wote walimwita Papa Furaha, alikuwa na tiketi mbili za mashindano makubwa ya gofu ya nchi ile, na mkewe alikuwa amekataa katakata kwenda kukaa juani akitazama majani.

Digbeth, kwenye stesheni ya mabasi, ndipo tulipokutana asubuhi. Alikuwa mtu mfupi, suti ya kijivu, kofia nyeupe, na mfuko wa maandazi mkononi.

"Weye njo mjomba?"

"Ndimi."

"Unajua gofu?"

"Kidogo," nikadanganya. Nakuru tuna uwanja wa gofu, nami nimepita nje ya ua wake maisha yangu yote.

Barabarani, kabla basi halijatoka mjini, nilikohoa na kuanza habari za mvua. Papa Furaha akainua kidole. "Mon cher, doucement, pole pole. Leo tunaenda kuangalia gofu. Ile maneno yako tutaona." Halafu akanihadithia mwenyewe, kwa Kiswahili chao cha Kongo. Alifika nchi ile peke yake, akapewa chumba mtaa wa Handsworth, mke na watoto wakiwa bado kwenye kambi ya wakimbizi. Kiingereza hakukijua. Jioni aliwasha televisheni. "Kwenye habari, batu banakimbia. Kwenye mpira, banakimbia. Nikabadilisha, nikaona batu bazima banatembea kwenye majani pole pole. Na ule mwenye kutangaza anasema chini chini, sawa vile tuko kwenye kilio. Hakuna mutu anakimbia! Nikasema, voilà, hii njo yangu."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki, nikaomba andazi.

"Kitu moja tu," akaongeza. "Kule usinitafutie mambo na batu ba koti. Mutu wa koti akiniuliza maswali, hata leo, nasahau jina yangu. Nilishaulizwa ya kutosha, kule kambini na hapa." Nikamwahidi kwamba mimi ni mtu mzima mwenye adabu.

Pwani, karibu na Liverpool, tulikuta jua kali na majani yaliyokauka yakawa rangi ya chapati. Langoni walizuia simu. Ndani, maelfu ya watu walikuwa wakimsindikiza mtu mmoja kwenda kuutafuta mpira alioupiga yeye mwenyewe. Akiupata, anautazama sana, anachuchumaa, anasimama, anashauriana na mbeba mfuko wake kama wazee wanaogawa shamba, kisha anaupiga uende mbali tena. Kwetu mtoto akifanya hivyo na mpira tunamnyang'anya. Suruali zao sitazieleza, kwa heshima ya mama zao.

Lakini lililonitesa ni ukimya. Kila nilipofungua mdomo, mzee fulani aliyepewa kazi ya kunyamazisha watu aliinua mikono juu na watu wote wakanigeukia. Nilisema "mvua" mara kadhaa. Kwa ng'ombe sikufika. Mchana ulipopita nilianza kuogopa kwamba yule Mkongo alikuwa na akili kunizidi: amenileta mahali ambapo mshenga haruhusiwi kusema, jioni ataniaga vizuri, na Kevo atabaki bila mke.

Kwenye kona moja ya uwanja, Papa Furaha alisogea mbele aone vizuri, nami nikabaki kivulini. Mara kitu kikaanguka miguuni pangu. Mpira! Nikatazama, nikamwona kijana wa shati la waridi akija mbio mbio kidogo, uso una wasiwasi. Sasa, mimi nimelelewa. Mtu akiangusha kitu chake, unakiokota. Nikauokota, nikaufuta vumbi kwa leso yangu safi, nikaenda kumkabidhi kwa mikono miwili.

Watu walishtuka kwa sauti moja; kumbe kwenye gofu mtazamaji haugusi mpira wa mchezaji. Kijana akasimama, mdomo wazi. Mbeba mfuko akashika kichwa. Akatokea mwamuzi mwenye koti la bluu na beji, na redio ya mkononi ikikwaruza kifuani, akauliza kwa sauti ambayo hakuna mzee aliyeizuia: "Huyu mtu yuko na nani?"

Walio karibu nami wakarudi nyuma. Nikamtafuta Papa Furaha. Alikuwa amenigeukia, anatazama lile koti. Angeweza kabisa kuangalia maandazi yake kana kwamba hanijui, na nisingemlaumu. Lakini akifanya hivyo, posa imekufa, na mimi ndiye niliyeiua. Niliona aibu, nikaona na hofu.

Akaja. Akavua kofia. Mfuko wa maandazi ulikuwa ukitetemeka mkononi mwake, lakini Kiingereza chake kilinyooka. "Yuko na mimi," akasema. "Ni mkwe wangu."

Mwamuzi akatutazama wote wawili, kisha akaniuliza kitu kimoja tu: mpira ulikuwa wapi? Nikamwonyesha pale majani yalipolala. Ukarudishwa, bila adhabu kwa mtu. Kijana akacheka, akaupiga, ukatua karibu na bendera. Sitaki kujisifu, lakini niliufuta vizuri.

"Papa," nikanong'ona, "umesema mkwe?"

"Nyamaza. Anapiga."

Kwenye basi la kurudi alinipa ruhusa ya kutoa hotuba. Alisinzia nilipofika kwa ng'ombe.

Saltley, dada alikuwa amesimama mlangoni. "Amekubali?" Nikamwambia amekubali, naye akakaa kwenye ngazi akalia. Hakuamini kwamba sikusema kitu cha maana siku nzima, na hata leo haamini.

Nilichojifunza ni hiki. Nyumba nyingi nilizoposa, "ndiyo" ilikuwa neno jepesi. Waliitoa wakiwa wameketi, sahani ya nyama magotini. Papa Furaha aliitoa akiwa amesimama mbele ya mtu wa koti, akitetemeka, na hakuna aliyemwomba.