Pua ya papa wa bronze

Leo mama alipiga papa, baba yetu, nyundo ku pua, mbele ya bantu yote.

Papa wa bronze, musiogope. Ile sanamu ya mu lupango, mu uwanja ya nyumba yetu. Ule wa kweli alishakufa.

Fundi alifuata sura ya baba mudogo, juu banafanana. Papa pua yake ilivunjikaka. Jiwe ya mu mine, kule banachimbaka, njo ilimupiga, banatuambiaka. Sisi batoto tukasema: fundi, weka ya kunyooka.

Tukatosha kitambaa yenye ilifunika sanamu. Mama akaangalia, akanyanganya fundi nyundo. Paa! Paa! Pua ikabonyea.

«Mama, unapata wazimu?»

Akanyooshea baba mudogo ile nyundo. «Jiwe gani? Huyu njo aliivunjaka na ngumi!»



Fundi akauliza kama anyooshe pua tena. Bandugu, mungejibu nini?

Baba mudogo njo alijibu: «Muiache.»