Mashemeji Wawili, Mashine Mbili

Kwa mujibu wa akaunti zao za gemu, mume wangu ni mkazi wa Marekani na mdogo wangu ni mkazi wa Afrika Kusini. Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa wanaishi kwangu, hapa Same mjini, wakila makande yangu na kugombania feni moja. Ukifungua akaunti kwenye mashine hizo za kuchezea gemu unaulizwa uko nchi gani, na wakati wanafungua zao, Tanzania haikuwemo. Basi kila mmoja akajichagulia nchi aliyoipenda. Hivyo ndivyo mhasibu mmoja na mwalimu mmoja wa fizikia, wote wakiwa na ndevu, walivyohamia ng'ambo bila pasipoti.

Watoto wetu, ambao kwa umri wao gemu lingekuwa halali yao, walikuwa bwenini wakisoma.

Mashine ya kwanza, nyeusi, ilikuwa ya mume wangu. Aliinunua Arusha ikiwa imeshatumika, akaipangusa kwa kitambaa cha miwani. Ya pili, nyeupe, ilikuja na mdogo wangu alipohamishiwa shule ya huku kwetu, akaomba akae nasi mpaka apate chumba. Nilimkaribisha. Nilipomwona anashusha televisheni yake na kuisimika sebuleni kwangu, mkabala na ile ya shemeji yake, nikajua chumba hakitatafutwa.

Mwanzoni nilifurahi. Nikawaambia, "Afadhali. Sasa mtakuwa mnacheza pamoja."

Waliniangalia kama nimewaambia wanywe supu kwa uma.

"Dada, hizi haziongei," mdogo wangu akasema.

"Haziongei vipi? Si zote zina intaneti?"

"Zina. Ila kila moja ina watu wake."

"Na mimi watu wangu wengi zaidi," mume wangu akadakia. Kuanzia siku ile sikupata tena amani katika nyumba yangu.

Mtu ambaye hajawahi kuishi na ugomvi huu hawezi kuamini jinsi ulivyo mwembamba na mrefu. Mume wangu alikuwa analipia kila mwezi ili aruhusiwe kucheza na watu wa mbali. Mdogo wangu naye alikuwa analipia kila mwezi, kwa kazi ileile. Lakini kila mmoja alimwona mwenzake ametapeliwa. Mdogo wangu alisema kwake anapewa magemu mengi ya bure. Mume wangu alisema kwake yanatolewa machache lakini ya maana, na kwamba mtu anayejisifia wingi wa vitu asivyovicheza ni sawa na anayejaza kabati sahani za wageni. Mume wangu alikuwa na vikombe: ukimaliza jambo gumu kwenye gemu, mashine inalia kengele na kukupa kikombe cha picha. Mdogo wangu hakuwa na vikombe, alikuwa na alama, na alizijua zake kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake.

"Alama za nini?" nikamwuliza. "Zinanunua sukari?"

"Hapana, dada. Ni heshima."

"Nani anakuheshimu?"

Akanionyesha marafiki zake mtandaoni. Majina yao hayakuwa ya binadamu: tarakimu, mafuvu, majina ya simba na ya bunduki. Hakuna hata mmoja aliyemjua baba yetu. Mume wangu akaja mbio na wake, wengi vilevile na wa ajabu vilevile. Wakasimama pale mbele yangu wakishindana kwa wingi wa wasiowajua. Nikaenda kuchambua mboga.

Kilichonichekesha zaidi ni kwamba mitandao hiyo miwili mikubwa, waliyoisifia usiku na mchana, yote ilipita kwenye simu moja. Simu ya mume wangu ndiyo iliyokuwa inawagawia intaneti, ikiwa imewekwa dirishani upande unaopigwa na upepo wa barabarani, maana hapo ndipo iliposhika vizuri. Wakiingia wote wawili, inagawanyika, na kila mmoja anaanza kukwama. Hapo husikii mtu akilaumu simu.

"Mtandao wako mbovu, shemeji, ndiyo maana unavuta intaneti yote!"

"Wangu? Wako ndio wenye njaa!"

Na mimi muuguzi niliyetoka zamu, miguu imevimba, nakaa katikati yao nawasikiliza.

Kisha likatoka gemu la vita ambalo, kwa mara ya kwanza, liliruhusu watu wa mashine tofauti wakutane. Walishangilia kana kwamba ndugu wamepatanishwa. Ila ili wakutane, ilibidi kila mmoja afungue akaunti nyingine tena, ya wenye gemu, juu ya ile ya mashine, kisha waunganishe, wangoje namba ya siri, waithibitishe, namba iishe muda wake, waombe nyingine. Jumamosi nzima iliteketea. Jua lilikuwa kali, umeme ulikatika ukarudi, wao wako palepale, wamepeana migongo, kila mmoja anatazama televisheni yake. Walikuwa karibu kiasi cha kupeana chumvi.

Jioni wakakutana. Mume wangu akavaa hedifoni, mdogo wangu akavaa zake.

"Shemeji, unanisikia?"

Bila shaka alimsikia. Mimi jikoni nilimsikia. Lakini sauti ilipaswa iende kwanza huko inakokwenda, ivuke bahari, irudi, iingie kwenye hedifoni ya mtu aliyekaa nyuma yake. Kwa hiyo kila neno walilisikia mara mbili: kwanza la bure, hewani, halafu la kulipia, likiwa limechelewa.

"Nakusikia, shemeji! Safi kabisa!"

Furaha ile haikufika hata mwisho wa wiki. Walikuwa timu moja kwenye vita yao, mume wangu akamwacha mdogo wangu peke yake akauawa. Mdogo wangu akamwita mwoga. Neno hilo, kwa shemeji yako, mume wa dada yako, aliyekuweka nyumbani kwake! Mume wangu alibonyeza vitufe kidogo kwenye pedi yake ya kuchezea, akainuka, akaenda kuoga.

Wakati wa chakula mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa. "Amenibloki," akaniambia.

"Nani?"

"Shemeji."

Mume wangu alikuwa mbele yake, anamega ugali. Siku zilizofuata kila mmoja alipotaka jambo alilipitisha kwangu. "Mwambie ndugu yako apunguze sauti." "Mwulize shemeji kama feni anaitumia." Nilikuwa nimegeuzwa mtandao wa tatu, ule wa kuunganisha mashine zisizoongea, na mimi silipwi kila mwezi.

Mama ndiye aliyeitibua hali hiyo. Alishuka kutoka Suji, milimani, kuja kliniki ya macho, akiwa na ndizi na tangawizi, amejifunga khanga mbili kwa sababu ya baridi ya juu, akazivua mlangoni kwa joto letu. Alimkuta mkwe wake amevaa hedifoni, amegeukia televisheni, anamtukana mtu wa mbali matusi ambayo mama mkwe hapaswi kuyasikia hata kwa mbali.

Mume wangu alipogeuka, nilimwona mtu mzima akitafuta shimo. "Shikamoo, mama," akasema, hedifoni bado kichwani.

"Marahaba. Unagombana na nani, baba?"

"Hapana, mama. Ni mchezo."

"Na huyu mwingine mbona amenuna?"

Mdogo wangu, kwa umri wake wote na digrii yake, akasema, "Shemeji kanibloki."

Ilibidi nimweleze mama maana yake. Alisikiliza hadi mwisho. "Amekuzuia kuingia ndani?"

"Hapana."

"Amekuzuia kula?"

"Hapana, mama. Amenizuia kwenye mashine."

Mama akanitazama mimi, kama vile ni mimi niliyewalea wote wawili. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. "Hebu niwekeeni hicho cha masikioni nisikie hao watu mnaogombania."

Walikimbilia kumhudumia, kila mmoja upande wake. Alianza kwa mkwe, kwa adabu. Wakamvalisha juu ya kilemba. Akasema kwa sauti ya kanisani, "Hamjambo huko?" Halafu akajibiwa na kijana wa Kizungu, maneno marefu ya haraka. Mama akatikisa kichwa akitabasamu. "Kijana mchangamfu. Anasemaje?"

Mume wangu alikuwa amelisikia tusi kupitia spika ya televisheni. "Anakusalimia, mama."

Mama akahamia kwa mwanawe. "Hamjambo huko?" Kisha sauti ya mwanamume, nzito, ikashtuka: "Eh! Shikamoo, bibi! Unapiga kutoka wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Niko Same, ila mimi wa Suji."

"Mimi niko Kileo! Dada yangu kaolewa huko Suji!"

Mama akakaa vizuri kwenye kiti. Wakaulizana mvua, wakaulizana mahindi ya Kileo, wakatafutana kwa ukoo mpaka wakapata mtu wanayemjua wote, marehemu, wakapeana pole. Vita ya watu kwenye televisheni iliendelea, mtu wa mdogo wangu akapigwa risasi akiwa amesimama tu, na kwa mara ya kwanza hakulalamika. Mimi nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Siwezi kusema sikuguswa.

Lakini mama alipovua tu hedifoni na kwenda kunawa, mdogo wangu alimgeukia shemeji yake, siku zote zile za kununiana zikaisha kwa sentensi moja.

"Umeona? Kwangu watu wana heshima. Wanaamkia!"

"Bahati tu hiyo!" mume wangu akaruka. "Kwangu ungemkuta hata wa Usangi, ni vile tu saa hii wako shambani!"

"Na yule aliyemtukana mama?"

"Nimeshamripoti! Kwangu ukiripoti wanachukua hatua. Kwako je?"

Nikajua hakuna tiba. Mtu wa Kileo alimwamkia mama yangu kwa sababu kwao alifundishwa kuamkia, na wao wamekwisha kumpa sifa mtengeneza mashine, aliye mbali na asiyejua Kileo ni kijiji au ugonjwa. Hata hivyo kizuizi kiliondolewa jioni ile, na mama alilala akidhani amewapatanisha.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alihamishiwa Usangi, akaondoka na televisheni yake. Sebule ikapata nafasi na feni ikapata mtu mmoja. Nilidhani yameisha. Huko milimani intaneti yake ikawa ya kusuasua, na lile gemu la kukutanisha mashine tofauti likawachosha, wakarudi kila mmoja kwenye mtandao wake usiomjua mwenzake.

Jumapili baada ya kanisa sasa wanapigiana simu ya kawaida. Wanaiweka spika, wanailaza pembeni ya televisheni, na kila mmoja anacheza gemu lake, na watu wake, kwenye mashine yake, huku wakibishana kwa sauti kubwa ni mtandao wa nani unaounganisha watu vizuri zaidi. Wiki iliyopita simu ilikatika katikati ya hoja. Mume wangu akasema ni mtandao wa shemeji.