Mpira Kwenye Usukani wa Staka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika supamaketi moja katikati ya jiji la Nairobi, Msimamizi wa Mapokezi ya Mizigo alinisimamisha mbele ya staka. Hii ni mashine ya umeme ya kuinulia mizigo hadi rafu za juu. Mwendeshaji haipandi, anatembea nyuma yake akishika usukani. Mzigo hukaa juu ya paleti, yaani jukwaa la mbao. Alinionyesha kitufe cha kushusha.

"Ukiachilia hii, mzigo inasimama," akasema. "Mkono yako ikae hapa. Ukienda kushika paleti, unajitafutia."

Nilimwona mwoga. Kidole chake kimoja kilikuwa kifupi, lakini sikuwa na akili ya kumuuliza.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Spring Valley. Rafu zilitakiwa zijae kabla ya milango kufunguliwa, na sisi wa stoo tulikuwa wachache. Paleti ikishuka hupenda kujipinda, kwa hiyo anahitajika mtu wa pili wa kuinyoosha. Mimi nilikata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, nikakifunga juu ya kitufe kibaki kimebonyezwa, nikazunguka mbele kuinyoosha mwenyewe. Meneja wa Stoo aliponiona alicheka.

"Mutua, wewe ni watu wawili."

Nikavimba kichwa. Nilipopelekwa tawi la Kileleshwa, nilikwenda na mpira wangu mfukoni.

Huko ndiko nilikomkuta Wambui, mama mcheshi aliyepanga bidhaa kwenye rafu. Asubuhi moja nilikuwa nikishusha paleti ya mafuta ya kupikia, ikakwama kwenye ukingo wa rafu. Wambui akaisukuma kwa mkono wa kulia, kama alivyoniona nikifanya kila siku. Ikajinasua, ikashuka juu ya vidole vyake. Mtu aliyeshika usukani angeachilia kitufe pale pale. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka usukani, na mpira nilikuwa nimeukaza.

Tulimkalisha juu ya katoni, mkono umefungwa kwa aproni, tukingoja gari. Meneja wa Tawi akaninong'oneza.

"Mzee, toa hiyo mpira. Inspekta atakuja."

Niliutoa. Hospitalini Wambui alikatwa vidole viwili.

Mkaguzi wa usalama kazini alipofika, aliniuliza kama kitufe kilikuwa kizima. Nikajibu kwamba kilikuwa kizima, na kweli kilikuwa kizima. Ripoti ikasema Wambui alizembea. Kwa neno hilo hakurudishwa kazini. Mimi niliendelea hadi kustaafu, nikapewa keki na cheti cha mwendeshaji makini.

Tunaishi wote Riruta. Kwa miaka nilikuwa nikimwona kwa mbali, navuka barabara nisikutane naye. Aibu ilinila hata usingizi ukawa wa taabu. Mwezi uliopita nilibisha mlangoni kwake. Alinikaribisha chai, akaimimina kwa mkono wa kushoto.

"Wambui, ile siku mashine nilikuwa nimeifunga."

"Najua, Mzee. Nilikuona ukitoa hiyo mpira, ukaweka kwa mfuko."

"Na ulinyamaza?"

"Niliwaambia hao wa ripoti. Nani angeniamini, na wewe umesema kitufe iko sawa?"

Akanisogezea kikombe.

"Mimi usiniambie, nilikuwa hapo. Ambia wale waliandika nilizembea."

Wiki iliyofuata niliandika barua mbili, moja kwa ofisi ya mkaguzi, nyingine kwa meneja wa Kileleshwa aliyepo sasa. Ya meneja niliifunga pamoja na kile cheti. Bado hawajajibu. Ninaandika na hapa, kwa ninyi mnaoshika staka leo, kwa sababu nasikia mipira ingali inafungwa, na sifa zile zile zingali zinatolewa.

Wambui hakuzembea. Kitufe nilikifunga mimi.