Maharage ya Mwalimu wa Kwaya

Juzi nilikuwa Ngara mjini, kwenye tamasha la jubilei ya ule mfuko wa kusaidia watunzi wa nyimbo za kwaya, na tangu nirudi sijatulia. Unanijua, mimi si mtu wa kulia ukumbini. Vijana walipanda jukwaani na tungo mpya kabisa, kinanda upande mmoja, fidla mbili kutoka Biharamulo upande wa pili, nota wanazisoma kwenye simu. Mshereheshaji akasema mfuko huu ulianzia kwenye shamba la maharage kule Mugoma. Watu wakacheka, wakidhani anatania. Mimi sikucheka, maana shamba lenyewe nililipalilia.

Lilikuwa la bibi yangu aliyenilea. Kigango chetu kilikuwa na mwalimu wa kwaya, kijana mwembamba kutoka Biharamulo, na hakukuwa na uwezo wa kumlipa. Basi bibi akatoa kipande cha shamba, na kila Jumamosi akina mama wa jumuiya wakaja kukilima, ili yeye apate chakula na nafasi ya kutunga. Alikaa kwenye chumba nyuma ya kanisa na kinanda cha kukanyaga, kilichokoroma kidogo kabla ya kutoa sauti.

Nikizikumbuka asubuhi zile nasikia baridi miguuni. Ukungu ulikaa bondeni mpaka jua lilipopanda, umande ukalowesha magauni yetu hadi magotini, na harufu ya udongo ilichanganyika na moshi wa jikoni kwa bibi, alikoacha ndizi na maharage vikitokota chunguni. Tulikula palepale shambani, juu ya majani ya mgomba, ndizi za moto zikituunguza vidole. Sisi watoto tulipewa kazi ya kukusanya magugu, tukarushiana zaidi kuliko tulivyokusanya.

Sasa, kulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Wimbo mpya haukuingia kanisani kabla ya kupita shambani. Mwalimu aliwafundisha akina mama sauti zao, kisha safu nzima ikaanza kulima huku ikiimba. Wimbo ukienda sawa na jembe, umepita. Ukiwachosha, anarudi nao kuurekebisha. Bibi aliimba sauti ya tatu pamoja na wanaume, kwa sababu sauti ya pili aliiona nyembamba mno.

Mwaka mmoja, Pasaka ikikaribia, Mwalimu alileta wimbo wa ajabu. Ulipanda mahali ambapo sikio lilitaka ushuke, na katikati ya mstari sauti zote zilinyamaza, kisha ukaanza upya. Hebu fikiria safu ya wanawake, majembe yako juu, na wimbo umenyamaza. Huyu alishusha, yule akangoja, majembe yakagongana, na maharage yaliyokuwa yameanza kuchanua yakakatwa mashina. Wakarudia, ikawa vilevile. Wakamwomba auondoe ule ukimya. Mwalimu, mtu wa haya ambaye sijawahi kumsikia akibisha, alikataa. Alisema pale Bwana yuko kaburini, na kaburi halirukwi.

Jumapili baada ya ibada katekista akalisema kwa upole, kwamba shamba lilitolewa kwa nyimbo zinazoimbika, na kama Mwalimu hataki kurekebisha, akina mama wapumzike. Kila mtu alijua maana yake. Bila shamba angerudi Biharamulo, ambako kaka yake alikuwa akimwita siku nyingi akauze dukani, na mambo ya kutunga yangeishia hapo. Mwalimu aliangalia viatu vyake. Mimi niliogopa, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha nota kwa kuzihesabu kwenye vidole vyangu, na nilimpenda.

Bibi akasimama.

"Shamba ni rangu," akasema kwa lafudhi yake ya nyumbani. "Mwarimu aandike anachosikia. Sisi tutarima."

Akaketi, akakaza kanga yake. Jumamosi iliyofuata tulianza kulima wawili tu, yeye na mimi, kimya. Jua lilipopanda akina mama wakaanza kuja mmoja mmoja, kila mtu na jembe lake. Walilima kwa nyimbo za zamani, na ule mpya wakaufanyia mazoezi jioni kanisani. Siku ya Pasaka ulipofika pale pa kunyamaza, tulisikia mvua ikinyesha juu ya bati, na hakuna aliyekohoa. Baadaye vigango vingine navyo vikatoa vipande vya mashamba kwa watunzi wao, na hivyo ndivyo mfuko ulivyozaliwa.

Juzi waliuimba wimbo ule. Tamasha lilipokwisha nilimfuata Mwalimu kwenye kiti chake cha mbele. Ana mvi kichwa kizima, na fimbo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuniachia mkono. Akaniuliza kama bibi, kabla hajafariki, aliwahi kuupenda ule wimbo. Nilifikiria kumdanganya, nikashindwa.

"Hapana, Mwalimu. Mpaka anakufa alisema hauimbiki."

Alicheka mpaka akatoa leso kufuta macho. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa nikimwona uso wake anapouimba."

Pale shambani sasa pana nyumba ya watu, na akina mama wale karibu wote tumekwisha kuwazika. Mfuko una kamati yake, unafanya kazi nzuri, na vijana wanatunga vizuri, sina la kulalamika. Ila nilipotoka nje ya ukumbi nilimkumbuka bibi akiinama kwenye umande, akimlimia mtu wimbo asioupenda, nikakaa ukingoni mwa barabara nikamlilia kama amefariki jana.