Chui Mwenye Tumbo

Laiti ningekataa kuingia ofisini kwa mwenyekiti wa mji siku ile, au ningeingia nikafunga mdomo. Niliingia, nikasema.

Mji wetu mdogo, njiani kati ya Tororo na Busia, ulikuwa umejichagulia chui kuwa nembo yake. Mimi ndiye niliyemchora kwenye ukuta wa soko, mwembamba, jicho kali. Siku moja ya mnada wa mbuzi tukamkuta ameongezwa tumbo la kuning'inia, mkufu wa mwenyekiti shingoni, na kwato ya mbuzi ikitokeza mdomoni. Ushuru wa mbuzi ulikuwa umetoka kupandishwa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Sasa huyu ndiye tunayemjua," muuza ngozi mmoja akasema. "Yule wa kwanza alikuwa mgeni."

Mwenyekiti aliniita, akanipa soda. "Mzee, nyinyi wachoraji munajuana mikono. Huu ni wa nani?"

Nilikuwa nimeujua tangu sokoni. Anayechora kwa mkono wa kushoto huvuta sharubu upande usio wetu, na mji mzima ulikuwa na mmoja tu: mdogo wangu, niliyemfundisha mwenyewe kushika brashi. Nilikuwa na hasira. Aliharibu kazi yangu, na watu walimpenda chui wake kuliko wangu. Nikamtaja.

"Tutamkemea tu," mwenyekiti akasema. Nilitaka kuamini, nikaamini.

Vijana wake walimvunja vidole vya mkono ule, mchana, mbele ya ukuta ule ule. Wale waliocheka waliendelea kupima mihogo. Kesho yake nilipewa rangi nikampunguza chui tumbo, na kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza. Mwenyekiti bado anaitwa mheshimiwa. Chui yule amembandika hata mlangoni mwa gari lake, na kila nikimwona natamani kumtemea mate, kisha nakumbuka nani alimchora.

Mdogo wangu alivuka mpaka, anauza makaa Busia ya Kenya. Nilimfuata mara moja.

"Wewe nani?" akaniuliza mbele ya wateja.

"Mimi kaka yako."

"Kaka yangu alikuwa mchoraji. Wewe ni msomaji wa mikono wa wakubwa. Sogea, mama huyu anataka debe moja."

Akalijaza kwa mkono wa kulia. Mama yetu alipofariki alikuja kuzika, akasimama ng'ambo ya kaburi, akaondoka bila kunisalimu. Nilikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja. Nimempoteza, naye hawezi tena kuchora.