Mlinzi wa Sindano ya Tura

Saa moja asubuhi, Tura. Apolinaria Masolwa anavua viatu mlangoni, anaingia kibandani peku. Ndani, sindano inachora mstari kwenye karatasi iliyopakwa masizi ya taa, na mstari huo ndio habari za ardhi. Leo umenyooka. Anashusha pumzi.

Tangu mwaka wa Uhuru, miaka kumi na minne sasa, mama huyu analinda mashine ya kupima matetemeko. Ardhi ikitikisika tu, mbio stesheni kupeleka telegramu kwa wataalamu Dar es Salaam. Karatasi ya jana huitundika nje, wanafunzi na wanakijiji wajisomee.

Ndani ipo moja iliyofifia, ya usiku wa Uhuru wenyewe. Apolinaria alikuwa mgeni kazini. Alipoona sindano inarukaruka, akapeleka habari ya tetemeko. Kumbe ni Tura nzima, inacheza ngoma.

"Dar walinicheka mpaka Pasaka," anasema. "Lakini wazee wakija huniambia, 'Hebu tuonyeshe miguu yetu.' Wengi wao hawapo tena. Miguu yao ndiyo hii."

Siku hizo kibanda kilikuwa peke yake porini. Mwaka jana watu wakahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zikasogea, na kila alfajiri michi ikawa inagonga vinu. Mistari ikavurugika. Mtaalamu aliyekuja kukagua hakumficha: akirudi mwezi ujao akakuta hali ni ile ile, mashine inahamishwa.

"Mashine yako ina masikio kumshinda mama mkwe," jirani yake, Zamda Selemani, alimtania. Lakini ni Zamda huyo huyo aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji. "Wanetu wanasoma pale," akasema. "Vinu tuvipeleke kambini."

Kambini ni uwanja walipokuwa wakilala wapagazi wa misafara ya zamani, ng'ambo ya bonde. Tangu juzi wanawake wanatwanga huko, na vinu vinalala huko huko.

Zamda anapita, ungo wa unga kichwani, anamwita Apolinaria kwa jina la mwanawe.

"Mama Veneranda, ardhi imeamkaje?"

"Salama. Imelala kama mtoto aliyeshiba."

"Basi mtaalamu wako akituachia mashine, siku hiyo tunacheza hapa hapa mlangoni. Kambini ni kwa mtama, si kwa furaha."

Apolinaria anacheka, anafunga mlango taratibu. Mpango wake anao tayari.

"Wacheze," anasema. "Ila safari hii telegramu nitaitanguliza: jioni ya leo si tetemeko, ni sisi."